Kiingilio

Mama alilipa kiingilio cha Kitulo
kwa noti alizozikunja mara nne,
akadai risiti,
akaisoma yote, mbele na nyuma,
kama anayetafuta jina lake mahali lilipofutwa.

Eselina Mahenge, wa Matamba. Umri, sitini na tisa.
Madhumuni ya ziara?
Kijana wa getini, Ndelwa, aliinua kalamu.
"Kutazama," alisema mama.
Kalamu ikaandika: Utalii.

Februari. Ukungu ulilala juu ya majani
kama ng'ombe aliyegoma kuswagwa.
Kisha upepo ukauinua
na Rungwe ukatokea ng'ambo, bega moja kwanza,
moto wake umezikwa tangu enzi zisizo na mtu wa kusimulia.
Majivu yake ndiyo haya tunayoyakanyaga,
meusi, laini, yanayonuka mvua.

Wenzetu wawili kutoka Dar, mtu na mkewe,
waliuliza simba wako wapi.
Ndelwa akacheka kwa adabu.
Hapa hatuna simba, tuna maua.
Akawaonyesha tandawala akipita nyasini
kama karani aliyechelewa asiyetaka kuonekana anakimbia,
akawaonyesha kinyonga,
akanyoosha kidole kwenye msitu wa chini
anakoishi kipunji, kima ambaye wenye vitabu
walimjua juzi,
na wawindaji walikuwa na jina lake siku zote.

Wakapiga picha. Mama hakupiga picha.
Mama alikuwa anahesabu.

La njano, dume. La zambarau, jike, tamu.
Hili jeupe chungu, mwachie fuko.
Maua haya hayajui kwa sura,
anayajua kwa kilicho chini yake.

Kabla ya bango na geti
walipanda huku alfajiri, wanawake kumi na wawili,
jembe la mkono, gunia, mtoto mgongoni
(mtoto ni mimi),
sakitu ikivunjika chini ya nyayo kama vigae.
Gunia likashuka Chimala, kona hamsini na saba,
likafika Tunduma, likavuka mpaka,
huko likatwangwa pamoja na karanga, likaitwa chikanda, likaliwa.
Hela ikarudi ikiwa sare yangu,
ikiwa ada ya muhula,
ikiwa viatu, cha kulia kikubwa kuliko cha kushoto.
Leo nafundisha baiolojia Mbeya mjini.
Kila mwaka nachora okidi ubaoni, petali na kikonyo,
na kila mwaka naishia pale chaki inapogusa mstari wa udongo.

Mama akapiga goti.
Ndelwa aliona.
Akageuka kuutazama Rungwe, akautazama sana,
kama mtu aliyetumwa kuhesabu miti yake.

Kidole cha mama kikazama kando ya shina,
taratibu, hadi kwenye kifundo.
"Viwili," alisema.
"Kizee kimenywea. Kichanga kimejaa.
Mwaka hadi mwaka ni hivyo, kizee kinalisha mpaka kiishe."
Hakunitazama aliposema.
Akarudisha udongo,
akaupigapiga kwa kiganja
vile unavyompigapiga mtoto asiyetaka kulala.

Nilitaka kumuuliza kama anajuta.
Nikamuuliza kama anasikia baridi.

Wakati wa kutoka walipekua kikapu:
chupa ya chai, viazi vya kuchemsha, mtandio.
Mama akanyoosha na mikono yote miwili,
ingawa hakuna aliyemwambia.
Ndelwa aliona weusi chini ya kucha moja,
akafunika kikapu mwenyewe,
akasema, karibuni tena.

Risiti ameiweka ndani ya Biblia
pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.
Mkono ule hakuunawa
mpaka ugali ulipoiva.